Mpiga Solo Bila Ukumbi

Sefu Uwesu alipiga gitaa la solo miaka kumi na minne bila kumiliki gitaa. Lilikuwa mali ya kiwanda kilichomwajiri, sawa na basi la wafanyakazi na bendi yenyewe, iliyopiga dansi kumbini na ambayo Arusha nzima iliiita jazi. Mwaka 1993 kiwanda kilipopata mwekezaji, vyombo vilifungiwa stoo, bendi ikavunjwa, na Sefu akabaki na vidole vyake.

Mkewe, Siwema, aliuza mitumba. Alimwambia nafasi ya kubeba marobota ipo. Sefu alijibu kwamba ataichukua akishindwa kwa Harbans.

Harbans, fundi redio, alikuwa amegeuza chumba cha nyuma ya duka lake kuwa studio. Biashara ya kaseti ilikuwa imechangamka, na wateja wake wakubwa walikuwa kwaya. Gitaa alikuwa nalo. Mpigaji, alisema wazi, ataamuliwa na wateja. Kwaya ya kwanza ilitoka Lemara. Mwalimu wake, Ruth, hakujali kwamba Sefu ni Mwislamu. Alichohofia ni dansi.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Kwa Harbans waimbaji na vyombo vilirekodiwa pamoja, kwa mkupuo mmoja. Ukumbini, mpiga solo huangalia sakafu: watu wakikolea, anaendelea, wakichoka, anawarudishia waimbaji wimbo. Katika wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza wa kaseti, Sefu alizama. Alipiga, akarudia, akapamba. Kanda ikaisha, ubeti mmoja haujaimbwa.

"Kaka Sefu," Ruth alisema, "hapa ulikuwa unamchezesha nani?"

"Mwenyewe, dada."

Mwimbaji mmoja wa besi akacheka. Sefu aliomba kanda irudishwe mwanzo wa wimbo, akageuza kiti kilichoelekea mashine za Harbans, akakaa uso kwa uso na kwaya. Sakafu ya kusoma haikuwepo, kwa hiyo alisoma vifua. Waimbaji walipovuta pumzi, gitaa lilikuwa limeshawapisha. Solo ilikuwa fupi, na wimbo ukaisha kanda ikiwa bado inazunguka.

Harbans alimuuliza Ruth kama amtafutie mpigaji mwingine kwa upande wa pili.

"Wa nini?" Ruth alisema. "Huyu ameshatusikia."

Kabla ya mwaka kwisha, kwaya kutoka Moshono hadi Usa River zilikuwa zinauliza kwanza siku ambayo Sefu yupo, ndipo zinachanga nauli.