Huguette Mwape na mashini yenye kufufua

Huguette Mwape, binti ya Kasonde aliyewasha vichwa vya treni Sakania kwa makaa, mjukuu wa Mwila aliyekataa kuacha shamba lake hata polisi walipomfikia mlangoni: huyo ndiye aliyeandika amri zinazoamsha mashini, ile kompyuta ya radio yetu ya Kasungami.

Umeme ukirudi, mashini inasoma amri zake mstari kwa mstari, kama mama anayevaa: nguo ya ndani kwanza, kikwembe juu. Kitu kimoja cha ndani yake kikikataa kuamka, inasimama hapo hapo na kuandika sababu kwa Kiswahili chetu. Inakawia, ndiyo. Siku moja ilisimama hivyo mpaka habari za asubuhi zikapita kimya. Huguette hakukana.

Ndipo Onésime, fundi wa kutoka Butembo, akaleta programu mpya. Hiyo inaamsha vitu vingi kwa pamoja, na chenye kufa inakifufua yenyewe. Komite ya radio ikakaa kuchagua: kazi ya Huguette ibaki, ama iondoke.

— Maman Huguette, Onésime alisema kwa heshima, kitu ikikufa, programu inaifufua mbele hata haujajua.

— Njo hiyo minakataa. Kwetu muntu akikufa, tunauliza kwanza amekufa na nini. Weye unamuamusha, unamutuma ku kazi.

Watu walicheka, na Onésime pamoja nao. Akaeleza kwamba sababu zinawekwa ndani ya mashini. Mwenye kuzitaka anaziuliza. Huguette akataka kujua nani ataziuliza siku ambayo radio inasikika vizuri. Maman Régine, mkubwa wa komite, hakungoja jibu. Aliomba mikono, na mikono mingi ikaenda upande wa programu mpya.

Huguette hakuinamisha kichwa. Ufunguo wa chumba cha mashini aliutoa. Lakini amri zake alikataa kuzifuta kwa mkono wake: anayetaka zifutwe, azifute yeye, mbele ya wote. Onésime aliangalia mashini, akamwangalia Huguette, akasema atazizima tu, hatazifuta.

Ndipo Huguette akamwita Jemima, msomaji wa habari, ambaye ndiye anayefungua radio kila siku.

— Asubuhi, mbele ya kusoma habari, uulize ile mashini: usiku nani amekufa, na amekufa na nini? Onésime atakufundisha namna ya kuuliza. Kitu ikirudia kufa, uende kwake. Atakuambia radio inatembea vizuri. Weye usitoke ku mulango yake mpaka akujibu.