Mvumo Katika Kanda ya Bimdogo

Bimdogo na dadake Fadhiya waliimba katika harusi za Mji wa Kale kwa miaka mingi. Fadhiya alipofariki, mwaka wa tisini na tatu, Bimdogo aliacha kuimba. Alibaki na kanda moja waliyorekodi pamoja, akawa anaisikiliza kila alasiri. Lakini redio ilivuma kama nyuki, na sauti ya Fadhiya, iliyokuwa nyororo na ya chini, ilizama humo.

Mumewe, Mzamil, alisema kanda imechakaa. Jirani yao Kahindi, fundi wa mafriji, alikataa.

"Ni umeme, Bwana Mzamil. Umeme wetu una uchafu. Friji ikiwaka tu, mvumo unazidi."

"Umeme una uchafu gani? Taa yawaka, redio yaimba, basi!"

Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Bimdogo akachoka nao. Alijitanda buibui, akaenda dukani kununua betri, mawe ya redio, akarudi akachomoa waya ukutani, akayatia mawe na kubonyeza kitufe.

Mvumo haukuwapo.

"Wasikia?" Kahindi aliuliza kwa sauti ndogo.

Mzamil aliinamia redio. Fadhiya alikuwa akiitikia ubeti wa pili, na katikati yake akacheka kidogo. Kicheko hicho hawakuwahi kukisikia.

"Nilikosea maneno," alisema Bimdogo, machozi yakimtoka. "Alikuwa akinicheka mimi."

Akairudisha kanda nyuma. Mara hii, ubeti wa pili ulipofika, aliimba pamoja na dadake, na maneno hakuyakosea.