Matuta ya Wifi Ruti

"Mimi si mvivu, wifi! Nasikia baridi jua likiwa utosini, miguu mizito kama magogo mabichi, nanyi mnanicheka!"

"Baridi ipi? Ibaba nzima ni baridi," Ruti akamjibu, jembe begani. "Nilikulimia wewe. Leo zamu yangu, unaumwa!"

Akaondoka. Tabita akabaki kizingitini, kajifunika blanketi la mumewe.

Huku Ibaba, kijijini milimani, watu walilimiana kwa zamu, na asiyerudisha jembe hakusaidiwa tena. Isitoshe, ilikuwa miaka ya kijiji cha ujamaa, naye Tabita alikuwa akisinzia hata kwenye shamba la pamoja. Wakamwita kupe. Mwanamke aliyekuwa akiwaacha wanaume nyuma! Sasa sauti ilikwaruza, uso ulivimba, nywele zilibaki kwenye kitana. Shingoni alikuwa na uvimbe, rovu, lakini rovu nani alilijali? Mama yake alikuwa nalo, Ruti mwenyewe analo. Wanawake wenzao walilivisha shanga kama pambo.

Kilichomuuma ni kwamba hata yeye alianza kuamini kwamba ni mvivu.

Mumewe, Osea, hakuamini. Akampeleka hospitali ya misheni, mwendo wa kutwa. Daktari akamgonga kwa kinyundo nyuma ya kisigino. Mguu ukaitika taratibu, kama mtu aliyeitwa usingizini.

"Nashuku hiyo tezi ya shingoni," akasema. "Imechoka, haiupi mwili nguvu. Ila damu ndiyo itakayosema."

Damu ikapelekwa Dar es Salaam. Maharage yakavunwa, majibu hayajaja. Kijijini wakasema daktari naye kadanganywa. Hatimaye yakaja: ni tezi kweli. Akapewa vidonge, kimoja kila asubuhi kabla ya kula.

"Mpaka lini, daktari?"

"Maisha yako yote, mama."

Tabita akalia. Si kwa sababu ya vidonge. Kwa sababu ulikuwa ugonjwa.

Nguvu zilirudi kidogo kidogo. Mvua zilipoanza, Ruti alifika shambani kwake mwenyewe akamkuta Tabita ameinama, anainua matuta.

"Acha, wifi. Deni hilo nilishalisamehe."

"Ulimsamehe mvivu. Mimi nilikuwa mgonjwa." Hakuinua kichwa.

Ruti akalipapasa rovu la shingoni kwake. Kisha akaenda nyumbani, akarudi na kibuyu cha togwa, akakiweka mwisho wa shamba. Tabita hakukigusa mpaka alipomaliza tuta la mwisho.