Salamu za Rama

Nimezoea kuandika makala zenye tanbihi. Nikisema jambo, chini yake naweka ushahidi na ukurasa, kama mtu aliyefunga mkanda na bado anashikilia suruali kwa mkono. Kisa hiki hakina tanbihi hata moja. Kilinitokea mimi, mchana kweupe, au tuseme mchana wa London wa mwezi wa Desemba, ambao saa kumi jioni umeshakuwa usiku. Sikuwa nimelewa. Daktari amenipiga marufuku hata chumvi, sijui ningelewa nini. Usipoamini, angalau nisikilize mpaka mwisho, maana huenda na wewe una salamu ulizowahi kupeleka.

Kwanza umjue Rama. Tulikua wote Tanga, Ngamiani, nyumba zetu zikitenganishwa na uchochoro ambao mbuzi wawili hawakuweza kupishana. Yeye alikuwa na baiskeli, mimi nilikuwa na vitabu. Kwa hiyo yeye aliendesha, na mimi nikakaa nyuma kwenye keria nikimsomea hadithi kwa sauti. Tulizizunguka hivyo barabara zote, ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, naye akibishana na waandishi: "Hapo kadanganya huyo, Profesa. Mtu hafi kirahisi hivyo." Jina la Profesa alinipa yeye nikiwa darasa la tano. Nimepita vyuo vikuu viwili tangu hapo, na hakuna mwingine aliyenipa. Mpaka leo nikisikia kengele ya baiskeli hapa Thamesmead ninapoishi, moyo unaruka kabla akili haijaukumbusha kwamba nina miaka hamsini na mbili.

Tulipofika miaka ishirini na sita, mimi nikapata nafasi ya kusoma London. Rama akapata kazi ya meli Brazili, akamwacha mama yake na mke wa miezi mitatu, Zubeda. Kazi hizo unazijua? Anakuja mtaani mtu mwenye gari zuri, anakukatia tiketi, anakushughulikia pasipoti, na dua anakuombea. Ukifika kule unafungiwa chumbani, unawekewa mbele vidonge vya unga vilivyoviringwa kwa nailoni, unaambiwa: meza, upande ndege. Habari za Rama zikakatika. Mtaani wakasema maneno yao: Rama kawa tajiri wa unga, Rama kamsahau mama. Mama Rama, ambaye mimi namwita mama tu kwa kuwa uji wake ndio ulionikuza, alikuwa akipita sokoni watu wananong'ona.

Miaka kumi baadaye, kwenye harusi moja Ilford, mashariki ya London, nikakutana na jamaa wa Tanga aliyekuwa na Rama chumba kimoja kule. Alinivuta pembeni, sahani ya pilau mkononi.

"Rama alikataa kumeza," akaniambia. "Wakampiga, akakataa. Wakambembeleza, akakataa. Siku ya tatu jioni wakamtoa nje, wakarudi na viatu vyake, wakavitupa katikati yetu." Akanishika mkono. "Mwambie mama yake. Mimi siwezi."

Nilimpigia. Wallahi nilimpigia siku ileile. Lakini unajua kwetu msiba hausemwi kwa simu. Mtu akifiwa akiwa mbali tunamwambia, "Mama anaumwa kidogo, jitahidi uje," mpaka afike mwenyewe akute turubai limefungwa uani. Nami nilipanga hivyo: nitasema Rama anaumwa kidogo, halafu nimtafute mjomba wake amalizie. Sikuwahi. Mama alipokea simu akicheka. "Nimeota uko na Rama! Umemwona?"

Nikasema, "Nimemwona, mama. Anakusalimu."

Salamu haikai peke yake. Mama alitaka kujua anafanya kazi gani. Nikasema yuko huku huku London, anaishi Hounslow, anapakia mizigo uwanja wa ndege. Mbona hapigi simu? Hana makaratasi, anaogopa simu zinasikilizwa. Alivukaje kutoka Brazili mama hakuuliza. Kwake Brazili na London ni mitaa miwili ya mji mmoja. Baada ya miaka sita nikamhamishia Ilford, kwenye duka la mzee Jayanti, Mhindi mzaliwa wa Tanga, ambako mimi mwenyewe hununua mihogo. Mbona haji nyumbani? Kaanguka kwenye ngazi za stesheni, goti limeumia. Iddi iliyopita nikamwongezea mvi, kwa sababu mama aliniuliza kama mwanawe amezeeka, nikaona ni haki yake kuzeeka. Kila Iddi nilituma khanga doti mbili, moja yangu na moja yake. Ya kwake nilichagua nzuri zaidi.

Msomi akiwa na dhambi hatubu, anaandika riwaya. Yangu ilikuwa na mwaka wa saba: kijana anawagomea wauza unga wa Amerika ya Kusini, kila kidonge anachotema kinageuka punje ya mahindi, kuku wa mji mzima wanamfuata na kuwadonoa wale majambazi, naye anavuka milima kwa miguu mpaka pwani, mzima wa afya. Amerika ya Kusini sijafika. Milima yenyewe niliichukua Usambara nikaimwagia theluji.

Basi jioni hiyo nilikuwa kwenye maktaba ya mtaa, ninakoandikia kwa sababu joto lake ni la bure. Nimeiinamia sura ya kuku. Mtu akavuta kiti mbele yangu, akakaa kwa kuguna, kama mwenye goti bovu.

"Profesa," akasema. "Kuku, kweli?"

Alivaa kizibao cha manjano kinachong'aa, kile cha wapakia mizigo, na juu yake aproni ya kijani ya duka la mzee Jayanti. Uso ulikuwa wa Rama wa miaka ishirini na sita, laini, hauna hata mkunjo. Kichwa kilikuwa cheupe kwa mvi. Alionekana kama mtu aliyechorwa na watu wawili wasiosemezana.

Nilitaka kupiga ukelele, lakini malezi ya maktaba ni mabaya. Nilinong'ona. "Rama, wewe umekufa."

"Nimekufa saa ngapi, bwana? Nikitaka kulala tu, wewe unapiga simu Tanga. Rama anakusalimu! Haya, Rama amka, nenda Hounslow. Miaka sita napakia mabegi ya watu. Mgongo sina. Halafu ukanipeleka dukani."

"Nilikuwa namfariji mama."

"Na goti? Goti lilimfariji nani?" Akaunyoosha mguu chini ya meza, goti likalia ka! "Ungesema nina mafua ungepungukiwa nini?"

Niamini, nilicheka. Nilicheka huku jasho likinitiririka mgongoni, na yeye akacheka, mpaka mkutubi akatugeukia, akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaweka kidole mdomoni. Kwa hiyo alimwona. Sikuwa peke yangu.

Tukakumbushana. Akaniuliza kama muuza kahawa wa barabara ya nane bado anagonga vikombe. Kama machungwa ya Muheza bado yanamwagwa chini kwa mafungu, na kama watoto bado wanalipigia danadana moja mpaka lipasuke. Nikamwambia sijui. Tangu nilipoanza kupeleka salamu zake sijarudi nyumbani. Ningemtazama mama kwa macho gani?

"Kumbe na wewe umekwama," akasema taratibu.

Kisha akazivuta karatasi zangu, akazisoma, midomo ikichezacheza.

"Hakukuwa na kuku, Profesa. Tulikuwa saba, chumba kimoja, feni mbovu. Nilisema simezi. Wakauliza kwa nini, nikasema mama yangu hakunilisha miaka yote ile ili nije kula hiki. Hakuna kilichogeuka kitu. Niliogopa mpaka nikajikojolea. Lakini sikumeza."

"Nitaliandika hivyo hivyo."

"Usiniandikie. Mwambie mama. Watu wanamtukana kuwa mwanawe muuza unga, naye anawajibu mwanangu yuko Ilford anapanga mihogo. Hajanilia. Hajanisomea hata fatiha. Zubeda bado ananingoja kwa mama, hajakaa eda. Na mama ana miaka themanini. Akifa ananingoja, mimi nitabaki hivi."

"Ilford si pabaya," nikasema. Nikiogopa huwa mjinga.

"Si pabaya," akakubali. "Ila nimechoka, ndugu yangu."

Akainuka, akachechemea mpaka mlangoni. Mlango wa kioo, ule unaojifungua wenyewe, ukamfungukia kama unavyomfungukia mtu yeyote, akaingia mvuani.

Kesho yake nikapanda treni Abbey Wood, nikabadilisha Whitechapel, mpaka Ilford. Nilitaka nini? Nilitaka mzee Jayanti anicheke.

"Shikamoo, mzee. Kuna mtu anaitwa Rama amewahi kufanya kazi hapa?"

"Rama wa goti? Ameacha jana! Miaka kumi, siku moja hajakosa yule. Jana usiku tunafunga, kanikunjia aproni, kanipa mkono. Anasema ndugu yake atapiga simu nyumbani."

"Mbona hukuwahi kuniambia yuko hapa?"

"Wewe umeuliza lini, bwana? Kila ukija, yeye yuko stoo. Anasema usimwambie, ataona haya."

Nikaomba kuingia stoo. Mihogo ilikuwa imepangwa vizuri mno, vichwa upande mmoja. Nikakaa juu ya boksi, nikampigia mama, na kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu msiba ukasemwa kwa simu bila kuvishwa nguo.

"Mama, Rama amefariki."

Nikasikia redio ikizimwa. "Lini?"

"Mwaka uleule alioondoka."

Akauliza lile ambalo mtaa ulimsimanga nalo miaka yote: "Alimeza?"

"Hakumeza, mama. Alikataa."

"Rudia."

"Alikataa."

Akaita, mbali na simu, kwa sauti ambayo nadhani ilifika sokoni: "Zubeda! Njoo usikie! Alikataa!" Halafu akaanza kulia, na simu ikakatwa bila kwaheri.

Khitma ilisomwa wiki hiyo. Zubeda alivaa nyeupe, akakaa eda yake, miezi minne na siku kumi, akiwa amechelewa miaka ishirini na sita. Wazee wakabishana kama inafaa, shehe akasema mwacheni. Mimi nilisoma Yasini peke yangu jikoni, kwa kuwa mama hakupokea simu zangu. Alimtuma mtu aniambie nimemnyima kumlilia mwanawe. Ni kweli. Sina tanbihi ya kujitetea.

Riwaya nimeitoa kuku, milima na theluji, zimebaki kurasa arobaini. Mchapishaji mmoja amezisoma, anasema zinakosa maajabu. Na siku hizi siwezi kumbuni mtu bila kumpa kiti na viatu vizuri, maana sijui atasimama wapi nikishafunga daftari.

Kwa hiyo wewe mwenye habari ya mtu kifuani, unayengoja siku nzuri ya kuitoa, usingoje. Na usimpelekee mtu salamu za asiyeweza kusalimu. Unadhani unamfariji mmoja, kumbe umewasimamisha wawili.

Iddi hii mama alipokea simu. Nikaanza kama nilivyozoea. "Mama, huku wote wanakusalimu..."

"Wote nani?" akanikata. "Sema yako wewe. Umekula?"

Nikasema nimekula. Kisha nikasema, "Hapana, mama. Bado sijala."