Khanga Juu ya Gunia

Juzi mwanangu alinitoa ndani kwa nguvu, akanipeleka kwenye maonesho ya picha. Nilikuwa natafuta pa kukaa nilipomwona marehemu mama ukutani, akisukwa nywele.

Ilikuwa uani kwetu Mtoni, enzi zile sukari ilipoadimika na aliyeificha alikamatwa. Mgambo walikuwa wakipekua nyumba za jirani, basi mama akakalia gunia letu la sukari, kalifunika khanga, shangazi akimsuka. Uani kulinuka mafuta ya nazi na rangi za mpangaji wetu, kijana aliyekuwa akijifunza kuchora watu. Mie nilijua kabisa ni mpelelezi. Nani mwingine angemkodolea mtu macho mchana kutwa?

“Mama, atachora gunia,” nilinong'ona.

“Tulia, kachero,” alisema, huku jasho likimtoka.

“Dada, umekaa vizuri?” kijana aliuliza.

“Vizuri tu, mdogo wangu.”

“Basi usinyanyuke.”

Picha aliigeuzia ukutani, hakutuonesha. Wiki nzima, mlango ukigongwa, mie nilikimbilia chooni.

Juzi niliisogelea mpaka mlinzi akakohoa. Khanga ilikuwa ileile. Chini yake palichorwa kigoda cha miguu mitatu.

Kwetu hatukuwahi kuwa na kigoda.