Gari Lisilojua Mwendo wa Harusi

Baba alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini wa mbao ambayo haikufungua skrubu hata siku moja. Ilikuwa ya kusikilizia. Ncha aliiweka kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho, na baada ya muda akautaja ugonjwa. Miaka yote aliyoendesha lori la pamba la ushirika, madereva wenzake hawakubishana na sikio lile. Nasi nyumbani hatukubishana nalo, ila kwa sababu nyingine: baba hakupenda kubishiwa.

Kisha biashara ikawa huria, ushirika ukayumba, baba akapunguzwa kazini. Kiinua mgongo chote alikitumbukiza kwenye gari dogo jeupe lililokwisha kutumika Japani, kama mengi yaliyokuwa yakimiminika Mwanza siku zile. Mama alitaka duka. Baba alisema gari litakuwa teksi, lakini kwanza litampeleka dada yangu kanisani siku ya harusi yake, na atakayeshika usukani ni yeye mwenyewe. Alilitangaza hilo hadi kwa wakwe.

Gari lenyewe sasa, lilikuwa na vituko. Ukilipeleka Kisesa, nje ya mji, lilikimbia vizuri tu. Ukisimama, ukaachia mafuta, lilitetemeka mwili mzima na kuzima. Silensa, ule mngurumo mtulivu wa gari lililosimama, halikuwa nayo kabisa. Baba akaweka bisibisi, akafumba macho.

"Kabureta," akasema.

Fundi wetu wa Mkuyuni, ambaye kwa umri alikuwa wa kumwamkia baba shikamoo, akasafisha kabureta. Gari likazima. Akasafisha tena, akabadilisha plagi, likazima. Siku moja nilimwona akigusagusa vile vimpira vyembamba vilivyosokotana juu ya injini, akamtazama baba, kisha akaviacha. Harusi ilikuwa inakaribia. Nilimwambia mama tuazime gari lingine. Akanijibu nikamwambie mwenyewe baba. Sikwenda.

Msafara wa harusi kwetu haukimbii. Mbele kuna pikapu ya matarumbeta, nyuma honi, pembeni wanawake wanacheza huku wakitembea, na bibi harusi lazima aonekane. Kazi moja tu gari letu lilikuwa haliiwezi, na ndiyo hiyo tuliyolipangia.

Siku ilipofika nilikaa mbele, dada nyuma na mpambe wake. Baba alivaa suti. Tangu tulipotoka nyumbani hakuthubutu kuachia mafuta, klachi kaikanyaga nusu, injini inapiga kelele kushinda matarumbeta. Harufu ya klachi inayoungua ikajaa ndani. Dada alishika maua yake, akitazama mbele. Pikapu ikasimama ili watu wacheze, baba naye akasimama, gari likazima.

Akawasha, likazima. Akawasha mpaka betri ikachoka. Vijana wakasukuma, likawaka, likazima. Watu wakaanza kushauri wote kwa mpigo, kama ilivyo desturi yetu. Baba akashuka, akafungua boneti, akatoa bisibisi yake. Akainama na suti ile, mpini sikioni, juu ya injini iliyozimika. Hapakuwa na cha kusikiliza, na nadhani alijua.

Baba mdogo akasogeza gari lake. "Kaka, kanisani wanasubiri."

Dada alisimama kando ya baba, ameinua gauni lisiguse vumbi. "Baba, twende wote."

"Nenda, mwanangu. Nakuja sasa hivi."

Akaenda. Mimi nilibaki naye. Tulipofika kanisani, kwa miguu, walikuwa nje wanapiga picha.

Jumatatu fundi alikuja nyumbani, tulikokuwa tumelivuta gari, bila kuitwa. Safari hii baba hakuchukua bisibisi. Alikaa kwenye stuli akitazama. Fundi akaniweka kwenye usukani nikanyage mafuta, naye akawa anachomoa vimpira kimoja kimoja na kuziba kwa kidole. Alipofikia kimoja kilichounganishwa na kidude kidogo cha umeme, injini ikatulia. Nikaondoa mguu. Haikuzima. Alieleza kwamba kidude kile huruhusu moshi kidogo wa ekzosi urudi ndani ya injini gari likiwa mwendoni, na hufunga likisimama. Chetu kilikwama wazi, kwa hiyo kila liliposimama gari lilivuta moshi wake lenyewe. Kipya hakikupatikana Mwanza. Akakata kipande cha msumari, akaziba mpira, akaufunga kwa waya.

"Mbona hukusema mapema?" baba aliuliza kwa sauti ya chini.

Fundi alifuta mikono yake muda mrefu. "Nilihisi, mzee wangu. Lakini ulishasema ni kabureta."

Alipoondoka, baba aliingia garini. Utepe wa harusi ulikuwa bado kwenye boneti. Aliliacha gari lingurume palepale uani, haliendi kokote, petroli inaungua bure. Mama alitoka jikoni, akatazama, akarudi ndani. Nilisogea dirishani. Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Sikiliza," akaniambia. "Hata mwendo wa harusi lingeuweza."

Nilisimama pale nikasikiliza, kwa kuwa hapakuwa na kingine nilichoweza kumfanyia.