Siku Bahari Ilipokauka

Namshukuru Mungu aliyeiwekea bahari mpaka, ingawa nikiwa mtoto sikuujua mpaka huo.

Juzi hapa kijijini kwetu Tawa, huku bara, mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu vibanda vya makuti kisiwani, wageni wakipumzika. Nikasikia tena harufu ya mwani. Baba alikuwa fundi, akijenga kanisa katika kisiwa kama hicho, mimi na mama tukamfuata likizo. Mchana mmoja bahari ilikauka, na mama akavuka kwa miguu na mtungi kwenda ng'ambo kutafuta maji ya kunywa. Nami nikachimba mchanga kama tunavyochimba kwetu mto ukikauka, lakini maji yaliyotoka yalikuwa chumvi tupu.

Kisha bahari ikaanza kurudi. Kwetu mto ukija kwa nguvu, aliye ndani harudi. Nikapiga mayowe, "Mama amebebwa!"

Bibi aliyetupangisha kibanda akacheka. "Wee mtoto wa bara! Maji yanajaa tu. Mamako atakuja na mtumbwi."

Sikumwamini. Nilisali mpaka nikasikia sauti ya mama ikiniita kutoka majini, "Mwende, njoo ushike mtungi!"

Msomaji wangu, Bwana akurudishie salama kila unayemngoja ng'ambo.